Jamu ya Mapera kwa Mkeka Mzima

Mwinyimadi alikuwa na duka, na ndani ya duka lile mlikuwa na kila kitu kinachoweza kuvuka mto Ruvuma kutoka Tanzania bila kuvunjika: sabuni, betri, kanga, mchele, na magunia ya sukari yaliyopangwa mpaka yakagusa dari. Sukari ndiyo iliyomjengea nyumba. Sukari ndiyo iliyomwozea binti yake Nuria. Naye hakuwa mtu wa kukosa shukrani. Chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kikawa kizito kukoroga, na kabla ya kufunga duka alikuwa na desturi ya kutia kiganja guniani, akalamba, akasema alhamdulillahi. Kwa hiyo nesi Natália wa kituo cha afya alipomwambia kwamba ana diabete, ugonjwa wa sukari, Mwinyimadi alicheka. Alimuuliza nesi kama ameshapata kumwona mvuvi aliyeliwa na dagaa.

Natália hakucheka. Alimwambia avue kandambili, akamwonyesha kidonda kwenye kidole cha mguu wake mwenyewe Mwinyimadi. Asubuhi nzima ya Ijumaa Mwinyimadi alikuwa ametembea na msumari uliotoboa kandambili ukamwingia kidoleni, na hakujua mpaka alipofika msikitini watu wakamuuliza ile damu kwenye ngazi ni ya nani. Natália akamvuta pembeni Mwanawetu, mkewe.

"Mamá," alisema, "mtu asiyesikia msumari hasikii kitu. Leo ni kidole. Asipoacha sukari, mwakani tutakata mguu. Na baada ya mguu, sitaki kukwambia."

Mwanawetu alirudi nyumbani nyuma ya mumewe, akiitazama miguu yake miwili. Alikuwa akimpenda mwanamume yule. Hakupata kumwambia, maana kwao mambo hayo huambiwa kwa mchuzi, lakini alimpenda na ukaidi wake wote, na tumbo lake, na tabia yake ya kuimba kasida vibaya akiwa anapanga maboksi.

Mwinyimadi alimwapisha siku ileile. "Mama Nuria, neno hili lisivuke kizingiti. Mwenye duka la sukari akijulikana ana sukari, watu watasema bidhaa yangu imenigeukia. Na wanaume watasema na mengine."

Yale mengine hakuyataja, na mkewe alikuwa na adabu ya kutoyauliza. Akaapa.

Hapo ndipo jamu ilipoanza. Mwanawetu alikuwa fundi wa vitu vitamu tangu usichana wake. Harusi isiyo na kaimati zake watu waliihesabu kuwa ni mkutano tu. Aliwaza: mtu wa tamu huwezi kumlisha kisamvu mpaka afe, atakutoroka. Mpe kitu kinachofanana na tamu. Akachuma mapera mabivu nyuma ya nyumba, yale mekundu ndani, akayapika bila hata punje ya sukari, akaijaza jamu kwenye chupa tupu za mayonezi, akakaza vifuniko kwa nguvu zake zote, akazipanga kabatini.

Kumbe sukari kwenye jamu si utamu peke yake. Ni mlinzi. Ukimwondoa mlinzi, matunda hufanya yanayoyataka, na mapera yale yalitaka kuchacha. Siku chache baadaye, mchana kweupe, chupa ya kwanza ikapasuka paa! Ya pili ikafuata. Sasa Palma ya siku hizi mlio haupiti hivihivi. Watu wamerudi majumbani kutoka kukimbia vita, lakini masikio bado hayajarudi yote. Mtaa mzima ukalala chini. Cassimo seremala aliingia uvunguni mwa kitanda alichokuwa akikiuza, na mnunuzi naye akamfuata, na bei walipatana hukohuko. Ilipojulikana kwamba ni mapera, Mwanawetu hakutoka nje mpaka aibu ilipopoa.

Hakukata tamaa, ila alipata akili. Akawa anapika kidogo, ya kuliwa leo na kesho. Mapera aliyachemsha yakalainika, akayapitisha kwenye chujio mbegu zikabaki, akayarudisha motoni na maji ya ndimu, kijiti cha mdalasini na ganda la chungwa lililokwanguliwa. Kilichomsumbua ni wepesi. Jamu isiyo na sukari humwagika kama mchuzi wa juzi. Akajaribu bamia, na hilo jaribio tuliache lilipo. Mwisho akatia unga wa ubuyu, na jamu ikashikana, ikang'aa, ikasimama juu ya mwiko. Kwa jamu hiyohiyo akagandisha kashata za korosho na nazi. Na kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaanga ambavyo watu huvizamisha kwenye shira ya sukari, yeye akavifanya vidogo vya kuhesabu, akavipaka jamu juu.

Mwinyimadi alikula, akasema ni nzuri. Alisema haraka mno. Mwanamke yeyote aliyekaa na mume zaidi ya mwaka anajua sifa ya haraka ina maana gani, lakini Mwanawetu alitaka kuamini, akaamini.

Ramadhani ikaingia. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga, na hospitali wakamruhusu Mwinyimadi afunge kwa masharti yao ya vidonge na chakula. Basi katika mtaa ule, kama ilivyo pwani yote ile, mwanamume hafuturu chumbani kwake. Magharibi ikikaribia, mkeka mkubwa hutandikwa njiani mbele ya nyumba ya mwalimu Rizuane wa madrasa, na kila mwanamume hutoka na sinia lililopikwa kwake. Masinia hukaa katikati na huwa ni ya wote. Anayekula sinia lake peke yake huonekana mchoyo, au mbaya zaidi, mtu anayeogopa kulishwa uchawi na majirani.

Kila jioni Mwinyimadi alitoka na sinia la mkewe, na kila jioni sinia lilirudi limekombwa. Mwanawetu akafurahi. Kisha wakaenda hospitali kupima, na kipimo kilikuwa kimepanda kuliko siku ya msumari. Natália alimtazama Mwanawetu kwa macho ya kuuliza, naye akatamani ardhi impokee.

Jioni ile alijibanza kwenye ua wa makuti akachungulia. Lo! Sinia lake lilikuwa limezungukwa na wanaume wengine wote, wanapaka jamu, wanasifu. Mume wake hakuwa hapo. Mume wake alikuwa upande wa pili, kwenye kaimati za Bachir muuza samaki, zile zinazoogelea kwenye shira, na shira inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akitoka hapo akahamia kwenye uji wa nyumbani kwa Cassimo. Akitoka hapo, tambi za sukari za mwalimu. Alizunguka mkeka ule kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, na hakuna aliyeweza kumlaumu, maana ndiyo desturi.

Mwanawetu alikaa chini nyuma ya makuti akalia kidogo. Akajifuta. Akaona wazi: ili amponye mtu mmoja wa mkeka ule ilikuwa lazima aupikie mkeka mzima.

Lakini angewaambia nini wenzake? Ameapa. Alitunga uongo ulionyooka: marehemu bibi yake amemjia ndotoni akamwagiza mwezi huu awalishe majirani mapera. Aliufanyia mazoezi uongo ule mpaka ukawa na machozi mahali pake. Asubuhi akaenda kwa Haula, mke wa Bachir.

"Da Haula, nilikuwa nasema, futari ya mwezi huu tuifanye kwa jamu yangu. Shira tuiache. Na sukari ya uji tuiache. Nitapika miye, nyiye mtachukua bure."

"Sawa," alisema Haula.

Mwanawetu alikuwa ameshayaandaa machozi. "Hutaki kujua kwa nini?"

"Sina haja. Nije saa ngapi kumenya?"

Akaenda kwa Nazira, mke wa Cassimo. Nazira hakungoja hata sentensi iishe, akakubali. Mke wa mwalimu alisita kidogo, kisha akasema kama wengine wako ndani naye yumo. Mwanawetu akarudi nyumbani na bibi yake marehemu mkononi, hajapata pa kumtumia, amekasirika kidogo. Uongo mzuri vile!

Basi ua wake ukageuka jiko la vita. Haula alimenya, Nazira alichuja, mke wa mwalimu alitwanga hiliki, na Mwanawetu alisimama na mwiko akawafokea wote, maana kwenye sufuria alikuwa hana rafiki. Uji ukapikwa na tui na hiliki, bila sukari. Tambi zikapikwa na mdalasini. Kaimati za nyumba zote zikapakwa jamu. Ili waume wasishtuke, kila mwanamke aliendelea kununua sukari kwa Mwinyimadi kama kawaida, akaifungia sandukuni chini ya kanga. Walikuwa wamefunga, hawakutaka dhambi ya kusema uongo. Mume akiuliza, wangejibu kweli tupu: sukari nimenunua.

Jioni ya kwanza wanaume walikula kimya. Jioni ya pili walitazamana. Jioni iliyofuata Cassimo akaweka bakuli chini.

"Shehe Mwinyimadi, sisemi kwa ubaya. Sukari yako safari hii umeitoa wapi?"

"Mtwara, kama siku zote."

"Basi Mtwara wamekufanyia hila. Uji huu hauna kitu. Nimemuuliza mke wangu, anasema sukari kanunua, na kanunua kwako."

"Kwangu pia," alisema Bachir. "Mke wangu kanunua kwako. Mbele ya macho yangu. Haikolei."

Mwalimu Rizuane, mtu wa haki, akasema pengine imelowa maji ya mto. Mwingine akasema amesikia wapo wanaochanganya na unga wa chokaa. Hakuna aliyemtaja mtu. Hawakuhitaji.

Mwinyimadi alirudi nyumbani amevimba. "Babu yangu kauza sukari hapa! Baba yangu kauza sukari hapa! Leo miye naambiwa chokaa?" Akatia kiganja guniani, akalamba, akamgeukia mkewe. "Mbona tamu? Mama Nuria, onja weye. Si tamu?"

Mwanawetu akaonja. "Tamu," alisema, maana alikuwa hasemi uongo mwezi ule. "Labda mtu akifunga ulimi hukauka."

"Wa mtaa mzima?"

Mwanawetu akaenda kukoroga sufuria isiyo na kitu.

Mambo yakaenda kombo. Wanunuzi wa mbali, watu wa Pundanhar waliozoea kubeba gunia zima kwa pikipiki, wakaanza kumpita mlangoni wakisalimia kwa mbali sana. Mwinyimadi aliacha kuimba kasida. Alikaa juu ya kigoda ameshika tama, akisema kuna hasidi. Mwanawetu alimtazama akaumia, kwa kuwa hasidi mwenyewe alikuwa amesimama palepale na unga wa ubuyu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anamwokoa mguu na kumkata jina. Mara kadhaa alifungua mdomo amwambie, akakumbuka ile shira kwenye kiwiko, akaufunga.

Ndipo siku moja baada ya adhuhuri Mwinyimadi akainuka na uso wa mtu aliyepata dawa. "Leo nakata mzizi wa fitina. Nakwenda na gunia jipya mkekani. Nalifungua mbele yao. Nachota bakuli, nalila."

"Utalila?"

"Lote, bakuli zima. Mpaka waone aibu."

"Waonjeshe wao, Baba Nuria. Wao ndio wanaoshuku."

"Wataonja. Lakini mwenye mali ndiye huanza. Muuzaji anayeogopa kula chake, nani atamwamini?"

"Na hospitali walivyosema? Na mguu?"

"Mguu ni wangu," alisema Mwinyimadi. "Jina ni la babu yangu."

Hapo hapakuwa na mjadala tena. Magharibi ilipokaribia alijitwika gunia begani, mtu wa umri ule, akatoka. Mwanawetu na wenzake walikimbilia kwenye ua wa makuti. Adhana ikalia, wanaume wakafungua kwa tende na maji, wakaswali. Waliporudi kukaa, Mwinyimadi hakukaa. Alikata kamba ya gunia kwa kisu, akajaza bakuli la uji mpaka likafanya kilima, akashika upawa.

"Jamaa zangu," alisema, "hii ndiyo sukari mnayoiita chokaa. Bismillahi."

Mwanamke hakanyagi mkeka ule saa ya futari. Haijaandikwa popote, lakini hakanyagi. Mwanawetu alisukuma makuti, ua ukalala upande, akawa katikati ya wanaume kumi, mikono yake imetapakaa mapera, ameshika bakuli. Mumewe alishika upande wa pili. Wakavutana.

"Mama Nuria! Rudi ndani!"

"Sirudi. Sukari yake nzuri!" aliwaambia wanaume, sauti ikimpasuka. "Haina chokaa, haina maji. Haikolei kwa sababu haimo! Nimeitoa miye. Kwenye uji, kwenye tambi, kwenye kila kitu. Wake zenu wanayo sandukuni."

Mkeka mzima ukageuka kutazama makuti. Nyuma ya makuti vichwa vikazama.

"Umeitoa?" alisema Mwinyimadi polepole. "Umeniacha nikaitwa mwizi? Kwa nini?"

Mwanawetu akatazama uso wa mumewe. Jibu alikuwa nalo mdomoni, neno moja tu, na alikuwa ameapa. Akaona namna wanaume walivyoinamisha shingo kusubiri.

"Kwa sababu nina diabete," alisema. "Miye. Nikionja ninapopika, naumwa. Nikaona aibu kusema. Basi."

Mwezi wote alikuwa hajasema uongo, na huo ulimtoka mwepesi kuliko kweli zote.

Wanaume wakaanza kunong'ona pole, pole. Cassimo akasema maskini dada yetu. Mwalimu Rizuane akamwombea dua fupi. Mwinyimadi alisimama na upawa mkononi, akisikiliza watu wanavyompa mkewe maradhi yake. Kila aliyesema pole, yeye alizidi kuinama. Mwisho akauachia upawa ukaanguka ndani ya bakuli.

"Anasema uongo," alisema. "Mzima huyu. Mwenye diabete ni miye."

Mwinyimadi akavua kandambili, akaunyosha mguu wa kushoto juu ya mkeka, karibu na masinia, kidole na bandeji yake. "Msumari uliingia hapa sikuusikia. Wanataka kuukata. Nimekula shira ya Bachir kila jioni, na mke wangu anajua, na leo amejivisha ugonjwa wangu mbele yenu ili nisiaibike. Aibu nimeipata hivyohivyo, tena kubwa."

Bachir alikohoa. Akakohoa tena.

"Sema, Baba Amade!" ilitoka sauti ya Haula, mkewe, nyuma ya makuti. "Sema, au niseme miye!"

"Mwaka wa pili huu," alisema Bachir akitazama tende.

Cassimo naye akavua kofia yake akaanza kuichunguza. "Mwinyimadi, miye nilikuona hospitali. Nilijificha nyuma ya akina mama wa chanjo."

"Yule mwenye mtoto mgongoni alikuwa weye?"

"Nilimshikia mtoto wa watu, nikajifunika kanga yake. Ningefanyaje?"

Mwanawetu alimtazama Haula, aliyekuwa sasa amechungulia kwenye tundu la ua, na Nazira pembeni yake. Siku ile hawakumuuliza kwa nini. Kumbe hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Kila mmoja alikuwa na kiapo chake.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema mwalimu Rizuane kwa sauti ya darasani. Kisha akasafisha koo. "Ila miye nimepima mwezi uliopita, wallahi, sina kitu. Sasa naomba, kwa heshima zote, nipewe uji wenye sukari."

"Hakuna!" walijibu wanawake wote nyuma ya makuti kwa pamoja, na sauti ya mke wa mwalimu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Wanaume wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa kweli, mpaka Bachir akalala chali. Mwinyimadi hakucheka. Alikaa chini, akavuta sinia la mkewe, akachukua kaimati moja yenye jamu, akaila mbele ya watu wote, taratibu, mpaka ikaisha.

"Si tamu kama shira," alisema.

"Najua," alisema Mwanawetu. Alikuwa bado amesimama, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Sikuipika iwe tamu kama shira. Nimeipika kwa sababu naogopa. Kila nikikusikia unatembea, nasikiliza kama miguu ni miwili. Nataka kuzeeka na weye, Baba Nuria. Hilo tu. Sijui kulipika vizuri zaidi ya hapo."

Maneno kama yale hayasemwi njiani, mbele ya muuza samaki. Wanaume wote wakageukia bahari, ambayo kutoka pale haionekani.

Mwinyimadi akala ya pili. Akasema hii imezidi ile. Akanyoosha mkono kuchukua ya tatu, na Mwanawetu akaudaka mkono ule juu ya sinia.

"Mbili zinatosha. Hata pera lina sukari yake."

"Hata hii ina hesabu?"

"Hata hii."

Mwinyimadi akatazama kaimati, akamtazama mkewe, akaugeuza mkono wake uliokamatwa, na badala ya kuuvuta akavishika vile vidole vyenye mapera. Akavishikilia hivyo, mkekani, mtaa mzima ukitazama, na chakula chote kilipokwisha alikuwa hajaviachia.